Tundu la Pili

Bangwe, Kigoma
9 Juni 2025

Mzee Barutwanayo,

Shikamoo. Nakusalimu kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo salamu hii peke yake ingetuchukua asubuhi nzima. Mimi ni Dismasi, mtoto mkubwa wa dereva Adolf, yule wa basi la Kasulu aliyekuwa akisimama huko Makere kushusha mizigo. Baba alifariki mwezi wa nne. Bariki, kondakta wake, ameniambia kwamba habari ulishazipata, na kwamba ulikaa chini palepale barabarani ulipoambiwa. Asante kwa hilo.

Bariki ndiye atakayekuletea barua hii. Anasema simu huna, na mimi simu ni adui yangu. Nina kigugumizi, mzee. Si kile cha kuchelewa kidogo. Neno linafika kwenye meno linakaa hapo, aliye upande wa pili anadhani mtandao umekatika, anakata. Injini za boti hazihitaji maneno, kwa hiyo nikawa fundi wa injini hapa Bangwe.

Ndani ya koti la safari la baba tulikuta kinanda cha mdomo, cha bati na ubao, chenye matundu kumi. Bariki anasema kilitoka kwako, na kwamba wewe unajua kupiga ule muziki wa Wamarekani weusi, bluzi. Naomba unifundishe.

Sababu ni hii. Mwisho wa Agosti tunaondoa matanga. Katika ukoo wetu, siku hiyo mtoto mkubwa wa kiume husimama mlangoni mbele ya watu na kusema nyumba inakwendaje baada ya marehemu. Lazima aseme kwa kinywa chake hadi mwisho. Mtu akimdakia na kummalizia, basi lile neno ni la aliyelimalizia. Baba mdogo Meshack analijua hilo vizuri. Anataka nyumba yetu ya Kasingirima ipangishwe kwa wafanyabiashara, mama ahamie chumba cha uani kwake Gungu. Mama hataki. Mimi natakiwa kusema maneno matatu tu: Mama anabaki hapa. Na herufi M na B ndizo zinazoninyonga kuliko zote, na baba mdogo amekuwa akinimalizia maneno tangu nikiwa mdogo.

Nilimwona mtu kwenye video akipiga kinanda kama hiki, pumzi yake ikienda mbali bila kukwama. Nikawaza labda na yangu ikizoea itafika. Sijui. Naogopa, mzee, ndiyo maana naandika.

Dismasi Adolf


Nyarugusu
17 Juni 2025

Mwana wanje Dismasi,

Amahoro, yaani amani kwako, mwanangu. Barua yako nimeisoma peke yangu, hakuna jirani aliyeiona. Baba yako alikuwa akipiga honi akinikaribia, na watu wa sokoni walidhani nina deni lake. Tangu afe, honi ya kila basi inanistua.

Tuje kwenye kinanda. Namba zikae juu, tundu la kwanza liwe kushoto kwako, ndilo lenye sauti nzito. Wengi wanakishika miguu juu kichwa chini kisha wanamlaumu aliyekitengeneza. Ukipuliza unapata sauti moja, ukivuta pumzi unapata nyingine kwenye tundu lilelile. Nyimbo za kanisani zinapulizwa. Bluzi inavutwa. Mimi nilifundishwa na fundi redio mmoja wa Rumonge, kule kwetu Burundi, aliyekuwa na kaseti za muziki huo, naye alisema wale watu walikuwa na malalamiko mengi kuliko pumzi, ndiyo maana waliyavuta ndani kwanza. Kama ni kweli sijui, lakini nimeishi na maneno hayo.

Nyumbani kwa bluzi ni tundu la pili, kwa kuvuta. Unaondoka hapo, unazunguka la tatu na la nne, unarudi hapo. Bila la pili huna kitu. Umeshakunywa pombe ya mtama chunguni kwa mrija, huu tunaouita umuheha? Ukivuta kwa pupa, machicha yanaziba mrija na wenzako wanakucheka. Unalegeza taya, unashusha koo, pombe inapanda yenyewe. Fanya hivyohivyo.

Siku ya matanga nitakuja. Nitaomba kibali cha kutoka kambini nisimame karibu yako, ili ukigeuka unione.

Barutwanayo


Bangwe
1 Julai 2025

Mzee Barutwanayo, shikamoo.

La pili halisemi. La kwanza linasema, la nne na kwenda juu yanasema, la tatu linatoka kama mtu mwenye mafua. Lakini la pili linakohoa mara moja na kunyamaza. Nimelivuta mpaka nikaona vimulimuli mchana. Wenzangu wa karakana wananiuliza pumu hii nimeipata lini.

Kuhusu mrija, sisi ni watu wa Pentekoste, chungu cha pombe nimekiona kwa mbali tu. Nikajaribu na uji wa ulezi. Mama aliingia jikoni akanikuta nimeinamia sufuria na mrija wa soda mdomoni, akatoka. Baadaye nikamsikia anacheka uani, na hajacheka tangu tumzike baba. Kwa hiyo somo lako limesaidia, ingawa si kwenye kinanda.

Jumapili baba mdogo alipita baada ya ibada, akakuta majirani wamekaa. Nilitaka kumwambia kwamba mama hataki kuhama. Nilifika "Baba m..." naye akadakia, "Baba mdogo anajua, mwanangu, usijisumbue." Akanishika bega. Wote wakaitikia kwa kichwa, wakaniangalia kwa huruma, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya dagaa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa Agosti. Atanishika bega, nyumba itakuwa imekwenda.

Mzee, kinanda kikiharibika kinaonyesha dalili gani? Nauliza tu.

Dismasi


Nyarugusu
8 Julai 2025

Mwana wanje,

Hiyo "nauliza tu" yako nimeirudia kuisoma, na haijanipendeza. Kwanza nakuomba usikifungue kwa bisibisi. Nawajua mafundi, mkiona kitu kina skrubu mikono inawasha. Kila anayeanza hukwama la pili na kila mmoja hudhani amepewa bovu. Pili, niambie kimepatwa na nini.

Wakati unanificha, jifunze hili. Bluzi ina utaratibu wake. Mtu anaimba mstari, ananyamaza, kisha kinanda kinajibu mahali pale aliponyamaza. Pale si patupu. Kinanda kikisema, hakuna anayeingilia, hata mlevi wa mwisho anajua kwamba mwimbaji hajamaliza na atarudi. Nimewahi kupiga mbele ya watu wakali wa kila namna na sijaona aliyediriki kudakia hapo.

Huyo baba yako mdogo simjui, lakini mkono wake begani mwako nimeusikia mpaka huku.

Barutwanayo


Bangwe
20 Julai 2025

Mzee wangu,

Nasema. Baada ya mazishi, vitu vya marehemu huoshwa ziwani kabla aliye hai hajavitumia. Shangazi Winfrida alivibeba vyote akavileta huku Bangwe, koti, kofia, chupa ya chai, na kinanda. Kwa kuwa kinanda kilikuwa kimeingia kinywani mwa marehemu alikipa heshima zaidi ya vingine. Alikisugua kwa sabuni ya mche, akakizamisha mpaka kikaacha kutoa mapovu, akakianika kwenye mwamba juani. Mwenyewe alinisimulia kwa kujisifu.

Ubao umevimba, mzee. Vile vijiti vilivyo kati ya tundu na tundu vimechomoza nje na vinanichana midomo. Nilinyamaza kwa sababu kilikuwa chako, na nilihofu ukikasirika utaacha kuandika, nami sina mwingine wa kumwandikia.

Hayo hayanitishi sana. Kinachonitisha ni kwamba juzi baba mdogo alikuja na mtu wa kupima chumba cha mbele, mahali pa kuweka kaunta. Mama aliwapa chai wote wawili. Walipoondoka nilimkuta chumbani anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Nilitaka kumwambia aache. Nilisimama pale mlangoni nikihangaika na neno moja la kumwita, mpaka yeye akasema, "Najua, baba, najua," na kuendelea kukunja. Hata yeye ananimalizia.

Kibali umepata? Utakuja kweli?

Dismasi


Nyarugusu
27 Julai 2025

Mwana wanje,

Nimecheka mpaka majirani wakaja kuuliza kama nimepata barua ya kuhamishiwa Kanada. Mwambie shangazi yako kwamba kwa miaka yote niliyokuwa nacho, kinanda hicho hakijawahi kuogeshwa namna hiyo. Hukunikosea kitu. Ubao utanywea. Kiweke kivulini penye upepo, mbali na jiko, na jua lisikiguse tena maana litaupasua. Usikipige mpaka vijiti virudi ndani.

Sasa na mimi nikuambie jambo. Wewe unadhani baba yako alikuwa akipiga. Hakujua hata wimbo mmoja. Alikiomba kwangu kwa ajili yako. Alisema, "Nikimpa mkononi ataona nimeucheka ulimi wake. Acha nijue kwanza mimi, nipige mbele yake, akipenda ataomba mwenyewe." Basi kila basi likishusha mizigo alikuja nimwelekeze, na upara wake wote ule unatoka jasho. Hakufika mbali. Alikwama la pili. Alinirudishia siku moja akisema nimempa kibovu, nikalipiga mbele yake, akakichukua tena amenuna na hakuniaga.

Habari za kibali, mambo ya ofisi yana zamu zake. Wewe kaushia kinanda kivulini.

Barutwanayo


Bangwe
10 Agosti 2025

Mzee Barutwanayo, shikamoo.

Barua yako niliisomea karakana, ikabidi niende nikasimame nyuma ya boti iliyopakwa rangi mpaka uso ukauke. Nikampa mama asome mwenyewe. Amesema alikuwa akimsikia baba anahema chooni na siku zote alijua anavuta sigara kwa siri. Alimchukia kwa hiyo sigara miaka yote hiyo. Amelia sana, kisha ameomba akishike kinanda, akanirudishia.

Ubao umenywea na la tatu limepona. La pili bado. Nimekifungua, nisamehe. Nilitoa skrubu moja moja nikaziweka kwenye kifuniko. Ule ulimi wa shaba wa tundu la pili unapita huru, hauna kutu, hauna uchafu, haujapinda. Kwenye injini nikifika hapo huwa nafurahi kwa sababu nimejua tatizo halipo pale, nahamia kwingine. Hapa hakuna kwingine. Kinanda hakina ubovu, ubovu ni mimi.

Nimeanza kuwaza nimwachie baba mdogo aseme yeye. Gungu si mbali. Watu wanaishi vyumba vya uani na hawafi. Nimeandika hivyo na mkono wangu umekataa kuendelea, nimeuweka chini kwanza.

Jambo jingine. Bariki anasema watu wengi kambini wanarudi Burundi, na kwamba jina lako limebandikwa ubaoni. Nimemwambia amesoma vibaya. Amesoma vibaya, mzee?

Dismasi


Nyarugusu
14 Agosti 2025

Mwana wanje Dismasi,

Bariki amesoma vizuri. Jina nililiandikisha mwenyewe kabla barua yako ya kwanza haijafika. Msafara wetu unaondoka kabla ya matanga yenu, na kibali sikuwahi kukiomba. Nilisema nitakuja kwa sababu uliandika kwamba unaogopa, na mimi nilikuwa naogopa pia, na kukufundisha kulinipa kitu cha kufanya asubuhi badala ya kukaa nikiwaza nyumbani nitakuta nini. Ni vibaya kumwahidi mtu hivyo. Nisamehe.

Nilikosea na kwenye somo. Nilikuambia vuta, ukavuta kama unayevuta kamba ya injini. Sikia sasa. Kaa. Ingiza kinanda mdomoni zaidi ya unavyopenda, shusha taya, usitumie pua. Kisha pumua tu, pumzi ya mtu asiye na safari, na kinanda kiwe njiani. Kikikataa usiongeze nguvu, punguza. Nimekuona kwenye barua zako: neno unalisukuma, kinanda unakikokota, na vyote viwili vinakugomea kwa sababu hiyohiyo.

Na hayo ya Gungu usiyaandike tena. Mama yako hataki kwenda, wewe unajua, na baba yako alitokwa jasho Makere kwa ajili ya ulimi wako.

Nikifika nitaandika.

Barutwanayo


Rumonge
2 Septemba 2025

Mwana wanje,

Nimefika salama. Barua hii inakuja na Feliksi, nahodha wa boti ya mizigo ya huko kwenu, atakutafuta Bangwe. Jumamosi ya matanga nilikaa ufukweni kutwa nikitazama upande wenu kana kwamba ningeona kitu. Niliona maji. Sina habari yoyote na roho haijatulia, kwa hiyo hata kama ilikwenda vibaya niambie, nijue.

Mimi huku nimekuta binamu yangu anaishi kwenye kiwanja cha baba yangu. Amenipokea vizuri, amenipa kitanda. Wazee wa kilima, yaani wa kijiji chetu, watatusikiliza wote wawili baada ya siku chache. Lakini kila nikifungua mdomo mbele za watu yeye anasema, "Mzee amechoka na safari, mwacheni apumzike." Na watu wananionea huruma, wananiletea maji. Nimenyamazishwa na watu wema, Dismasi. Sikujua jambo hilo lipo. Wewe ulilijua siku zote.

Niandikie upesi.

Barutwanayo


Bangwe
8 Septemba 2025

Mzee Barutwanayo,

Shikamoo, na pole ya safari isiyokwisha.

Walikuja wengi kuliko turubai. Baba mdogo alisimama kuume kwangu mlangoni, karibu kiasi kwamba nilinusa dawa yake ya meno. Mama alikaa mbele, kwenye mkeka, na begi lake lilikuwa tayari nyuma ya mlango, limefungwa zipu. Kinanda nilikuwa nacho mfukoni kwa sababu ya baba tu. La pili lilikuwa bado halijanisemea hata siku moja na sikuwa na mpango wowote wa kulipiga.

Nikawashukuru watu. Hapo nilikwamakwama lakini nilipita. Kisha nikafika kwenye lile la mama, na M ikafunga. Unajua inavyokuwa, nimekueleza. Midomo imeshikana, uso unavimba, watu wanaanza kuangalia miguu yao kwa adabu. Kwa pembe ya jicho nikaona kifua cha baba mdogo kinapanda. Alikuwa anavuta pumzi ya kunimalizia.

Nikaacha kusukuma. Si kwa ujasiri, mzee, nilikuwa nimechoka tu. Pumzi ikaanza kuingia yenyewe, na sikuwa na pa kuipeleka, nikatoa kinanda nikakiweka mdomoni. La pili likasema. Zito, refu, mpaka nikalisikia kwenye mbavu. Baba mdogo akabaki kinywa wazi na maneno yake ndani. Hakuna aliyejua kama ile ni sala au ni sehemu ya hotuba, kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Nilipokitoa mdomoni nikasema, "Mama," na likatoka.

Nikaongeza "ana," na B ikafunga. Hapo ndipo alipojaribu. Alisema kwa sauti ya upole, "Anahamia..." nami nikalivuta tena la pili juu yake, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ulivyonifundisha. Likakohoa, likashika. Bibi mmoja mzee sana, aliyekuja pamoja naye kutoka Gungu, akanyoosha fimbo na kusema, "Meshack, kaa kimya. Mtoto hajamaliza."

Basi wakangoja. Mzee, sijawahi kungojwa hivyo. Watu wote wale, na chai inapoa, hakuna aliyeangalia miguu yake. Nililivuta la pili mara nyingi, sikuhesabu. Kisha nikasema yote, kwa kinywa changu, hadi mwisho. "Mama anabaki hapa."

Mama aliinuka, akapita katikati yetu pale mlangoni, akachukua begi. Tulisikia zipu, kisha tukasikia begi tupu likisukumwa chini ya kitanda. Ndipo shangazi Winfrida akapiga vigelegele, na mimi nikakaa kwenye kizingiti. Baba mdogo alikula, akaaga vizuri. Ya kaunta hajayataja tena.

Sasa kuhusu wewe. Ninampa Feliksi kinanda chako akurudishie. Nimekifunga kwenye nailoni mara mbili na kukitia ndani ya chupa ya chai ya baba, ile iliyooshwa nacho, ili maji yasikiguse. Kikifika mwambie kila mwenye nia njema na sabuni akae mbali nacho. Mbele ya hao wazee, binamu yako akianza kusema umechoka, usishindane naye. Anza na la pili.

Usijali kwamba mimi nitabaki bila. Jana nilimpigia simu mteja wa Kibirizi, nikakwama kwenye jina langu mwenyewe, na hakukata. Alisema alikuwepo kwenye matanga, niendelee tu, yupo. Hapa kwetu wameshajifunza kuningoja. Huko kwenu bado hawajakuzoea.

Mwanao,
Dismasi